Urojo Hauna Kesi: Kuzisoma Upya Orodha za "Vinavyoamsha Maradhi ya Utumbo"

Orodha yenyewe bila shaka umeshaiona. Inaingia kwenye simu bila salamu, imeshapita mikono mingi, haina jina la aliyeiandika wala tarehe. Ninayo moja hapa mbele yangu. Kichwa chake kinasema vitu kumi na mbili vinavyoamsha maradhi ya utumbo. Kuna pilipili, maziwa, kahawa, nazi, maharage, pweza, ukwaju, embe bichi, nyama nyekundu, mkate wa ngano, soda, na namba kumi na mbili ni hasira. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, imeandikwa kwamba atakayeviacha vyote hatohitaji dawa tena.

Leo nataka kuihakiki orodha hii kama tunavyohakiki kitabu: inadai nini, inasimama juu ya ushahidi gani, imeacha nini, na msomaji anaondoka nayo akiwa na nini mkononi. Utaniambia ujumbe wa kusambazwa haustahiki kazi yote hiyo. Mie naona kinyume chake. Haya ndiyo maandishi ya sayansi yanayosomwa kuliko yote hapa Unguja. Makala zetu za kitaalamu zinasomwa na watu kumi, wawili kati yao ni wasimamizi wetu. Orodha hii inasomwa barazani, ndani ya daladala ya Mwanakwerekwe na kwenye foleni ya duka la dawa.

Halafu nina deni. Dada yangu ana moja ya maradhi haya, na aliyemtumia orodha ni mimi, mwenye shahada ya uzamili ya biolojia. Alikuwa ametoka kwenye kipindi kibaya, amepata nafuu, nikamtumia na chini yake nikaandika, "Dada, jaribu hii."

Akajaribu. Aliacha maziwa. Aliacha nazi, na wewe hebu jaribu kuishi Unguja bila nazi. Aliacha kula harusini, akaacha kukaa nje jioni watu wakinywa kahawa. Alipungua mpaka nguo zikamvuka. Mwezi wa tatu, kwa kuwa hakuwa na dalili yoyote, akaufuata na ule mstari wa mwisho: akaacha vidonge. Mwezi wa tano damu ikarudi, akalazwa siku kumi na moja. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda daktari alipomuuliza amekula nini. "Sijala kitu, daktari," akajibu. "Nimeacha kila kitu." Na kweli aliacha kila kitu, pamoja na kile kimoja ambacho hakutakiwa kukiacha.

Maradhi yenyewe ni yapi?

Tukisema maradhi sugu ya uvimbe wa utumbo tunakusudia hasa maradhi mawili. La kwanza ni kolaitisi yenye vidonda, ambayo inashika utumbo mpana na kuuacha na vidonda vinavyotoa damu. Daktari wa London, Samuel Wilks, aliielezea mwaka 1859. La pili ni ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa, na uvimbe wake unazama ndani ya ukuta wa utumbo. Burrill Crohn na wenzake wawili wa New York waliuandika mwaka 1932.

Yote mawili yanatokana na kinga ya mwili kupigana pasipo na vita. Mtu amerithi mwelekeo fulani, anaishi katika mazingira fulani, bakteria wa tumboni mwake wamebadilika kwa namna fulani, na kinga inaanza kuushambulia utumbo wenyewe. Maradhi hayatoki moja kwa moja. Yanalala, yanaamka, yanalala tena. Mfikirie mtu aliyefunika makaa kwa jivu kwenye seredani. Ukipita hapo usiku utasema moto umezimika. Asubuhi anafukua, anapepea kidogo, chai inachemka. Dawa za kila siku za mgonjwa aliyetulia kazi yake ni kuyaweka yale makaa chini ya jivu.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, na ni lazima tuyatenganishe tangu mwanzo. La kwanza: nini kiliwasha moto, yaani kwa nini mtu huyu amepata maradhi haya? La pili: nini kinafukua jivu, yaani kwa nini maradhi yameamka mwezi huu na si mwezi uliopita? Kosa la kwanza la orodha yetu ni kwamba inayajibu yote mawili kwa jibu moja. Na kosa hilo halikuanzia kwenye simu. Lina historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya kwetu Afrika Mashariki.

Kutoka Mulago

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, alifika Uganda mwaka 1946. Alifanya kazi Lira, kisha Hospitali ya Mulago mjini Kampala, mpaka 1966. Wengi wanamjua kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake. Baadaye alijulikana zaidi kwa jambo jingine: nyuzinyuzi za chakula. Yeye na Hugh Trowell, daktari aliyetumikia Kenya na Uganda kwa miongo kadhaa, walihoji kwa nini maradhi mengi yaliyojaa hospitali za Ulaya hawakuyaona Kampala. Trowell alitoa kitabu juu ya hilo mwaka 1960, na mwaka 1981 wakahariri pamoja kitabu walichokiita *Western Diseases*, maradhi ya Magharibi. Maradhi ya uvimbe wa utumbo yalikuwa miongoni mwa yale waliyoyahesabu huko.

Tuwape haki yao. Hawa watu walikwenda kupima. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha katika jarida la *Lancet* vipimo vya uzito wa choo: wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, mabaharia wa Uingereza karibu gramu 100. Kila unapomsikia daktari anakuhimiza kula dona na mboga, sehemu ya sauti hiyo inatoka Mulago.

Lakini msingi mmoja wa hoja yao ulikuwa na ufa. "Hatujauona" haina maana ya "haupo." Kolaitisi inagunduliwa kwa kuangalia ndani ya utumbo na kuchukua kipande cha nyama kwenda maabara. Pale ambapo vifaa ni haba na amiba ni wengi, mtu anayeharisha damu anaandikiwa dawa ya amiba na anarudi kwao. Akirudi tena, anaandikiwa tena. Dada yangu alikwenda hivyo miaka miwili, mpaka alipoangaliwa kwa kamera. Na hata enzi zile za Burkitt dalili zilikuwepo: mwaka 1966 jarida la *BMJ* lilichapisha taarifa ya wagonjwa wanne Waafrika wenye kolaitisi, kutoka Uganda hiyo hiyo. Wanne ni wachache, sawa. Ila wanne waliotafutwa wakapatikana.

Halafu angalia Leicester, Uingereza. Mji ule ulipokea Wahindi wengi kutoka Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Utafiti uliochapishwa katika jarida la *Gut* mwaka 1992 ulikuta kwamba kolaitisi mpya zilikuwa nyingi zaidi kwa Wahindu na Masingasinga wa eneo lile kuliko kwa Wazungu wenyeji. Na mwaka 2017 mapitio makubwa katika *Lancet* yalionesha kwamba wakati kasi ya wagonjwa wapya imetulia katika nchi nyingi za Magharibi, inapanda katika nchi zinazoingia kwenye maisha ya viwanda, za Afrika zikiwemo. Kwa hiyo Burkitt aliona sawa kwamba mazingira yana mkono. Tulichokosea sisi warithi wake ni kuligeuza neno "Magharibi" kuwa kinga yetu. Mpaka leo utasikia, "Hayo maradhi ya wazungu, wewe una vidonda vya tumbo tu."

Kosa la pili la warithi ni hili: hoja ya Burkitt ilihusu kuwasha moto, yaani nani anapata maradhi. Haikuhusu kufukua jivu. Ukiichukua ukampa mgonjwa wa Crohn ambaye utumbo wake umeshakuwa mwembamba kwa makovu, ukamwambia ale pumba na maharage kwa wingi, unaweza kumzibisha utumbo. Ushauri mzuri kwa jamii nzima unaweza kuwa mbaya kwa mtu mmoja.

Tuipitishe orodha kwenye ushahidi

Tuanze na maziwa, kwa sababu hapa orodha ina babu mwenye heshima. Mwaka 1961 Sidney Truelove wa Oxford, mmoja wa mabingwa wakubwa wa maradhi haya, aliandika juu ya wagonjwa ambao kolaitisi yao iliamka walipokunywa maziwa na ikatulia walipoyaacha. Miaka michache baadaye yeye na mwenzake wakalijaribu jambo hilo kwa kulinganisha makundi ya wagonjwa, na ikaonekana ni sehemu ndogo tu ya wagonjwa wanaofaidika. Basi orodha imechukua neno lililofaa kwa wachache, ikalifanya sheria ya wote. Tena kwetu kuna jambo la ziada: watu wazima wengi wa Afrika hawana tena uwezo mzuri wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Wakinywa bilauri moja tumbo linanguruma, gesi inajaa, wanaharisha. Inaudhi sana, lakini hicho si kidonda na si uvimbe.

Nyama nyekundu ina kesi nzito kidogo. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliwafuatilia kwa mwaka mmoja wagonjwa 191 wa kolaitisi waliokuwa wametulia. Waliokula nyama nyingi, hasa nyekundu na ya viwandani, na waliokunywa pombe nyingi, waliamka zaidi. Lakini ufuatiliaji wa aina hii unaona mambo mawili yakitembea pamoja, hauoni nani amemshika nani mkono. Mwaka 2019 Wamarekani wakafanya jaribio lenyewe: wagonjwa wa Crohn zaidi ya 200 waliotulia, kundi moja likaambiwa lile nyama nyekundu kila wiki, jingine liipunguze sana. Muda wa kukaa bila maradhi kuamka haukutofautiana kwa maana yoyote ya kitakwimu. Crohn si kolaitisi, kwa hiyo jaribio hili halifuti lile la kwanza. Lakini linatosha kukufanya usiape.

Sasa pilipili, ukwaju, embe bichi, yaani, tuseme ukweli, urojo. Ukali wa pilipili unagusa mishipa ya fahamu ileile inayotambua moto. Ndiyo maana inaunguza mdomoni, na ndiyo maana inaunguza tena inapotoka. Utumbo wenye vidonda ukipitiwa na pilipili utapiga kelele. Hiyo ni sababu nzuri ya kuiacha wakati maradhi yameamka. Lakini kumuumiza aliyeamka si sawa na kumwamsha aliyelala.

Namba kumi na mbili, hasira, imewekwa mwisho kama kiungo tu. Nilidhani ndiyo dhaifu kuliko zote. Kumbe! Mwaka 2010 watafiti wa Manitoba, Kanada, walichapisha kazi ya kuwafuatilia wagonjwa zaidi ya 500 kwa mwaka mzima, wakiwauliza kila miezi mitatu. Walipima mengi: maambukizi, antibayotiki, dawa za maumivu, mikasa ya maisha, msongo wa mawazo. Kilichotofautisha walioripoti maradhi kuamka na wengine ni msongo wa mawazo, hali ya moyo iliyoharibika, na mikasa mikubwa. Walichohesabu, hata hivyo, ni dalili alizozisema mgonjwa mwenyewe, na mtu mwenye msongo anaweza kuumwa zaidi na uvimbe uleule. Pamoja na hayo, namba kumi na mbili imesimama vizuri kuliko pweza.

Na hapo ndipo orodha inaponikera. Unamwambia mgonjwa kwamba msongo unamdhuru, kisha unampa mambo kumi na moja ya kuogopa kila anapokaa kwenye mkeka kula na watu wake.

Kosa kubwa: dalili si uvimbe

Nikitakiwa kuipinga orodha kwa sentensi moja, nitasema hivi: inahesabu maumivu ya leo, haihesabu uvimbe wa mwezi uliopita.

Kuna protini inaitwa kalprotektini, inayotolewa na seli nyeupe za damu zinapojaa kwenye ukuta wa utumbo. Inapimwa kwenye choo. Watafiti wanaowafuatilia wagonjwa waliotulia wameona mara nyingi kwamba kipimo hiki kinaanza kupanda wiki kadhaa, pengine miezi, kabla ya mgonjwa kuhisi chochote. Maana yake moto unawaka chini kwa chini huku mtu anakula na kucheka. Siku dalili zinapotokea, anafanya nini? Anakumbuka alichokula jana. Jana alikula urojo Forodhani. Urojo unapewa hukumu kwa moto uliowashwa kabla haujapikwa.

Na kinyume chake pia kipo. Mtu anaweza kuwa na maumivu, gesi na kuharisha ilhali utumbo wake umepona kabisa ukiangaliwa kwa kamera. Huyu akiamini maradhi yameamka, ataongeza makatazo, na pengine atajipa steroidi alizobakiza kabatini. Mwingine hana dalili yoyote, akaamini amepona, akaacha vidonge. Huyu wa mwisho namjua kwa jina.

Ramadhani ni mfano mzuri. Kila mwaka swali linarudi: je, kufunga kunaamsha maradhi? Watafiti wa Misri walichapisha mwaka 2022 matokeo ya wagonjwa 80 waliofunga. Kwa wenye kolaitisi, alama za dalili zilipanda baada ya mfungo. Lakini vipimo vya uvimbe, kalprotektini ikiwemo, havikubadilika kwa kiasi cha maana. Ukisoma mstari wa kwanza tu utasema saumu imeamsha maradhi. Ukisoma mstari wa pili utasema haikuamsha. Ukisoma yote mawili utajua kwamba wagonjwa 80 hawatoshi kumtolea kila mtu hukumu, na kwamba la busara ni kuzungumza na daktari mwezi wa Rajabu au Shaabani, kuona dawa zitamezwa vipi baina ya futari na daku, na si kuja kuuliza siku ya kumi hali imeshachafuka. Aliyeamka maradhi tayari, anayetoka damu na kukauka maji, ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa yake.

Kilichoachwa nje ya orodha

Mhakiki mzuri haangalii kilichoandikwa tu. Orodha yetu ina mambo kumi na mbili, na manne mazito hayamo.

La kwanza ni kuacha dawa. Mwaka 2003 ilichapishwa kazi ya Marekani juu ya wagonjwa 99 wa kolaitisi waliotulia kwa mesalazini na kufuatiliwa miaka miwili. Waliomeza dawa kama walivyoandikiwa walikuwa na nafasi ya asilimia 89 ya kubaki katika utulivu. Wasiomeza ipasavyo, asilimia 39. Tafuta chakula chochote kwenye orodha ile chenye tofauti ya namna hii, hutokipata. Na tazama kejeli yake: orodha ya vinavyoamsha maradhi inamalizia kwa kukushauri ufanye jambo linaloamsha maradhi.

La pili ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hapa unazinunua kama peremende. Kazi iliyochapishwa mwaka 2006 iliwapa wagonjwa waliotulia dawa za aina mbalimbali. Kwa dawa za kawaida za jamii hii, kati ya asilimia 17 na 28 maradhi yaliamka ndani ya siku tisa. Kwa parasetamoli, hakuna hata mmoja. Ni kweli, wale wa Manitoba hawakuona tofauti kwa upande wa dawa hizi, kwa hiyo mjadala haujafungwa. Lakini ukiumwa kichwa na una mbadala ulio salama zaidi mkononi, kwa nini ujaribu bahati?

La tatu ni maambukizi. Mgonjwa wa kolaitisi wa Unguja naye anakunywa maji ya Unguja. Anaweza kupata amiba au bakteria wa kuharisha damu kama jirani yake, na maambukizi hayo yanaweza kujifanya ni maradhi yameamka, au kuyaamsha kweli. Kutofautisha ni suala la uhai. Amiba anayedhaniwa ni kolaitisi, mgonjwa akapewa steroidi, anaweza kutoboa utumbo na kuua. Kifua kikuu cha utumbo nacho kinafanana mno na Crohn, na baadhi ya dawa kali za Crohn zinaweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala. Hata kichocho, ambacho watu hukitaja kila wanaposikia neno damu, kinahitaji akili: kichocho cha Unguja na Pemba ni kile cha kibofu, damu inatoka kwenye mkojo. Kile cha utumbo ni cha kanda ya ziwa huko bara. Kwa hiyo kabla ya kusema "yameamka", choo kiende maabara.

La nne ni sigara, na hapa maumbile yanatufanyia kiroja. Kwa Crohn, sigara inayafanya maradhi kuwa mabaya na kuamka mara kwa mara. Kuacha ni miongoni mwa tiba bora alizonazo mgonjwa mwenyewe. Kwa kolaitisi, wapo ambao maradhi yao yaliamka baada ya kuacha. Usiifanye hiyo kuwa ruhusa. Moyo na mapafu yako hayajui una kolaitisi. Ila ukiacha, mwambie daktari wako, ili mjiandae pamoja.

Kwa nini tunaipenda hata hivyo

Ningeweza kuishia hapa nikajiona nimeshinda. Lakini uhakiki usiojibu kwa nini kitu kinapendwa ni nusu ya uhakiki.

Orodha inapendwa kwa sababu inampa mgonjwa kitu cha kufanya. Maradhi haya yanaaibisha: unakwenda harusini na jambo la kwanza unalotafuta ni choo kiko wapi. Dawa ni ghali na si kila wakati zipo dukani. Kamera ya utumbo ni safari na ni pesa. Kuacha nazi ni bure, unaanza leo jioni. Na sisi watu wa sayansi tumelijibu hitaji hilo vibaya. Mgonjwa anauliza, "Nile nini?" tunamjibu, "Kula chochote kinachokukubali," kisha tunafunga faili. Jibu hilo ni sahihi na halina msaada wowote. Tena vipimo karibu vyote nilivyovitaja vimefanyika Oxford, Manitoba na Marekani. Hakuna hata sahani moja ya muhogo wa nazi ndani yake. Mtu akituambia utafiti wetu haumjui, hajakosea.

Kwa hiyo sitaki tuzichane orodha. Nataka tudai orodha bora. Ikija kwenye simu yako, iulize maswali manne. Inazungumzia maradhi gani, Crohn au kolaitisi, au inasema "tumbo" tu? Inazungumzia aliyetulia au aliyeamka? Mtu atakayeifuata ataongezewa nini cha kula, au atapunguziwa tu? Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa: inasema nini kuhusu dawa? Ikisema ziache, usiisambaze, hata kama imeanza na bismillahi.

Na kama mgonjwa ni wewe, andika daftari lako. Andika ulichokula, ulichomeza, ulivyolala, kilichokusibu, na choo kikoje. Chakula kimoja kikikusumbua mara tatu, kipunguze, kisha baada ya muda kijaribu tena uone. Usitoe vitu kumi kwa mpigo, maana hutojua ni kipi na utakonda bure. Ukiona damu, homa, au unapungua uzito, usiendelee na daftari; nenda hospitali.

Dada yangu ana daftari lake. Vidonge vyake anameza saa mbili usiku, simu inalia, nyumba nzima inasikia. Baada ya miezi minne ya kuandika aligundua kwamba maziwa kweli yanamsumbua, maharage yanamsumbua akila mengi, na nazi haijawahi kumfanya lolote. Miezi yote ile aliyokula wali mkavu, alikula wali mkavu kwa sababu yangu.

Nilimwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanituma Forodhani nikamletee urojo, bila pilipili, mbatata nyingi. Nilipomfikishia alikula taratibu, na mimi nikawa namtazama kwa wasiwasi kama mjinga, kila kijiko. "Acha kunitazama," akaniambia. "Hiyo nayo ni namba kumi na mbili."